Kabla Hujasema "Fomati Tu"

Najua nimeadimika. Wiki iliyopita ilikuwa ya testi, na ile ya takwimu ya Ijumaa sina hamu hata ya kuitaja. Ila jamani, si testi iliyoniweka kimya. Ni kompyuta ya nyumbani Morogoro.

Jumatano jioni nimekaa zangu kwenye kimbweta na washkaji, tunagombana na maswali ya mwaka jana, simu ikalia. Mama.

"Baba, ile kompyuta imekufa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imekufa, haiwaki. Fundi wa hapa jirani kaja, anasema ni kufomati tu, elfu ishirini. Nimwambie afomati?"

Hapo kwanza mjue kitu kimoja. Mimi nasoma Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Jiografia. Sijasomea kompyuta hata siku moja. Lakini si mnajua mambo ya nyumbani? Ukishaonekana na begi la laptopu, tayari wewe ni fundi wa simu, fundi wa king'amuzi, fundi wa printa ya shule ya msingi, na ukisema hujui wanasema chuo kimekupa maringo. Kwa hiyo kidogo niseme "sawa mama, afomati", nirudi kwenye maswali yangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Bahati nzuri nilikumbuka ndani ya ile kompyuta kuna nini.

Mama ni katibu wa kikoba cha wanawake pale mtaani. Wako 28. Kila wiki wanakutana, wananunua hisa, hisa moja 5,000, wanakopeshana, wanarudisha na riba, na wana mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Mwisho wa mzunguko wanavunja kikoba, kila mtu anapata hisa zake na faida yake. Mgao ulikuwa Jumapili ile ile. Zaidi ya milioni 14 za watu zilikuwa zinasubiri kugawanywa kwa kufuata hesabu zilizokuwa ndani ya faili moja la Excel, kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja, sebuleni kwetu.

Na mtu aliyeziweka humo ni mimi. Nilipokuwa nimemaliza kidato cha sita, nakaa nyumbani bila kazi, nilimcheka mama na madaftari yake ya kaunta buku. Nikamtengenezea faili lenye safu za hisa, mikopo, riba, kila kitu kinajijumlisha chenyewe. Nikasifiwa sana. Mama mmoja wa kikoba alinipa hadi soda. Lakini la kutoa nakala na kuiweka mahali pengine halikunijia kichwani. Nikaondoka zangu kuja chuo.

Nikamwambia, "Mama, fundi asiguse kitu. Naomba usubiri."

Akasema, "Sawa, ila wenzangu wameshaanza maneno."

Maneno gani? Mjumbe mmoja alisema, eti kwa utani, kwamba kompyuta hii ina akili sana, imevumilia mzunguko mzima ikangoja wiki ya mgao ndipo ikafa. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Mnaelewa utani wa namna hiyo unaishia wapi. Mtu ametunza hesabu za wenzake kwa uaminifu mzunguko mzima, halafu mashine inamgeuza mwizi kwa siku moja.

Usiku nikamfuata mshikaji wangu wa chumbani, tunamwita Injinia kwa sababu ndicho anachosomea. Nikamwambia kompyuta ya mama haiwaki. Akaniangalia kama mtu niliyemwambia "naumwa" kisha nikanyamaza.

"Haiwaki vipi?"

Wadau, swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Maana sisi wote tunasema "haiwaki" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni magonjwa manne tofauti, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza: ukibonyeza, kimya kabisa. Hakuna taa, hakuna feni. Hapo unaanza na soketi ya ukutani, unajaribu kuchomeka kitu kingine, unabadili waya, unaangalia ekstensheni. Pawa saplai nyingi za zamani zina kaswichi kadogo nyuma kenye 115 na 230, na umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo mtoto akikachezea kakaenda 115, ukiwasha utasikia mlio na harufu, ndiyo kwaheri. Waya na soketi vikiwa vizima, unashuku pawa saplai yenyewe, na hiyo unaibadilisha nzima. Usiifungue, maana hata ukishachomoa waya bado ndani inaweza kuwa na umeme wa kukurusha.

Wa pili: taa inawaka, feni inazunguka, ila kioo cheusi, pengine na milio tiii, tiii. Hapa umeme umefika, lakini kompyuta imekwama kwenye kujikagua. Kila ukiwasha, kabla ya jambo lolote, inajikagua yenyewe: prosesa ipo? RAM ipo? Njia ya picha ipo? Ikikosa kimoja inasimama pale pale, na kwa kuwa haina picha ya kukuonyesha, inalia. Idadi na urefu wa milio vina maana, ingawa hutofautiana kutegemea nani alitengeneza madabodi.

Wa tatu: nembo ya kampuni inatokea, halafu inakwama, au inakuambia haioni diski ya kuwashia. Hapo kujikagua kumepita, shida iko kati ya mipangilio ya BIOS na diski.

Wa nne: Windows inaanza kuja, kisha skrini ya bluu, au inazunguka zunguka bila kufika. Hapa ndipo unaweza kuanza kushuku Windows yenyewe, au dereva, au sasisho, au diski inayochoka.

Injinia akamaliza hivi: "Sasa mama yako iko wapi kati ya hizo? Maana kama ni kioo cheusi na milio, kompyuta haijaifikia hata diski. Huyo fundi anataka kufomati nini?"

Nikapiga simu saa nne usiku. Mama akasema taa inawaka, feni inaunguruma, inalia tiii tiii, kioo cheusi tii. Ni ile ya pili. Kufomati kungekuwa sawa na mtu aliyekwama mlangoni kwa sababu kitasa kimegoma, halafu unaamua kuchoma vyombo vilivyoko chumbani.

Injinia akanituma swali lingine: muulize nini kilitokea kabla. Mama akajibu haraka, umeme ulikatika-katika Jumanne, mvua ilikuwa kubwa. Nikauliza kingine chochote? Hakuna. Nikang'ang'ania: hakuna kabisa? Ndipo akasema, "Labda kwamba paa lilivuja pale kwenye meza, tukaihamishia ukuta wa pili. Ila hilo halihusiani."

Lilihusiana asilimia mia. Ila tutafika.

Ijumaa nikafanya testi (tusiiongelee), nikapita Kariakoo nikanunua betri ndogo ya duara, ile CR2032 ya volti 3, kwa sababu Injinia alisema kompyuta ya umri ule ukiifungua na betri mpya huna mkononi utajuta. Akanipa na flashi mbili, moja tupu na moja ina Ubuntu. Bumu halijatoka, kwa hiyo nauli ya SGR niliikopa kwa mtu ambaye akisoma hapa anajijua, na nitamlipa. Chini ya saa mbili nimeshuka Morogoro, bodaboda, nyumbani, ugali na mlenda, nikalala.

Jumamosi asubuhi nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha, nikafungua. Wadau, vumbi lile! Na mayai mawili ya mjusi pembeni ya feni. Hiyo kompyuta ni zile za mezani zilizotumika maofisini Ulaya zikaja huku kama mtumba, na tangu ifike haijawahi kufunguliwa. RAM zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imechomoka upande mmoja, kidogo tu, huwezi kuona kama hujainama. Kuhama ukuta ndiko kulikoichomoa. Nikazitoa zote, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, nikarudisha moja tu, nikawasha. Milio imekwisha. Nikazima, nikachomoa, nikarudisha ya pili, nikawasha. Safi.

Zingatieni hapo: kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo kompyuta ikawaka, hujui kilichoiponya. Na ikizidi kuharibika, hujui kilichoiua.

Nembo ikatokea. Mama akapiga kigelegele. Mimi nikajiona profesa. Sekunde chache baadaye kompyuta ikaandika kwamba saa na tarehe havijawekwa, bonyeza F1. Nikabonyeza. Windows ikaanza kuja... skrini ya bluu. Ikajizima, ikajiwasha, skrini ya bluu tena.

Kigelegele kikakatika. Mama akakaa kwenye kochi, akasema kwa sauti ya chini, "Basi baba, muite huyo fundi afomati. Labda Mungu atasaidia."

Ukweli ni kwamba nilitaka kukubali. Nilikuwa nimechoka, sijui nifanye nini, na neno "fomati" lina raha yake, linafuta tatizo na mawazo yote kwa pamoja. Lakini Injinia alikuwa amenikaririsha sentensi moja kabla sijaondoka: kwanza vilivyomo, ndipo mashine. Nikachomeka ile flashi ya Ubuntu, nikaiambia kompyuta iwakie humo badala ya kwenye diski. Kwa wasiojua, Ubuntu ni mfumo wa bure kabisa, ulianza Oktoba 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ukiuwashia kwenye flashi hausakinishi kitu wala haugusi Windows yako. Unaamka, unaiona diski ya kompyuta kama folda ya kawaida.

Nikafungua. Folda ya mama. Faili la kikoba. Likafunguka. Majina 28, hisa zote, mikopo yote, hadi senti.

Nililinakili kwenye ile flashi tupu, nikalituma kwenye barua pepe yangu, nikaliweka na kwenye simu ya mama. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kusubiri chai ichemke. Baada ya hapo mwili mzima ulilegea. Hata kompyuta ingewaka moto pale pale, Jumapili mgao ungefanyika.

Basi bwana, wakati huo fundi akaingia na begi lake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ni kaka wa makamo, mpole, akanisalimia, akaangalia skrini ya bluu kwa sekunde tano, akasema, "Hizi za ofisini betri ikifa zinasahau. Zinarudi kwenye RAID, wakati Windows yako iliwekwa kwenye AHCI. Una betri?"

Nikampa. Akaibadilisha, akaingia kwenye mipangilio, akaweka saa, akageuza neno moja, akahifadhi, akawasha. Windows ikaja. Picha ya harusi ya dada ikatokea kwenye kioo kama vile hakuna kilichotokea.

Ndipo nikaelewa habari nzima. Betri ile ilikuwa imechoka siku nyingi, lakini kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani haiitegemei. Walipohamisha meza, kompyuta ilikaa bila waya usiku kucha na mchana mzima. Betri ikashindwa kushikilia kumbukumbu, mipangilio ikarudi ilivyotoka kiwandani, na kompyuta ikawa inaongea na diski kwa lugha ambayo Windows haikuizoea. Hakuna kilichoharibika ndani ya Windows. Hakuna vairasi. Hakuna cha kufomati.

Nikamuuliza, kwa heshima, "Kaka, kumbe unajua yote haya. Kwa nini Jumatano ulisema fomati?"

Akacheka, lakini si cheko la furaha. Akasema, "Siku ile sikufungua. Ila nikuambie ukweli mdogo wangu. Nikiingia hapa dakika mbili nikageuza neno moja, mteja atanilipa ngapi? Ataniambia hujafanya kitu. Nikiichukua, nikakaa nayo siku nzima, nikairudisha inang'aa na Windows mpya, elfu ishirini anatoa bila kelele. Nikimwambia nakopi data zako kwanza, anasema namchelewesha."

Sikuwa na jibu. Na tangu Jumamosi hadi leo nalitafuta.

Msimamo wangu wadau ni huu. Tumezoea kulaumu mafundi kwamba wanafomati hovyo, na kweli wapo wanaofomati hovyo. Lakini sisi ndio tuliowafundisha. Tunalipia jasho, hatulipii ujuzi. Tunapeleka mashine tunasema "nataka iwake leo", hatusemi "nataka vilivyomo". Fundi anatupa tulichoomba: mashine inawaka, imeshaoga, haina kitu. Tukishalia ndipo tunajua kwamba tulichokuwa tunakitaka hatukukitaja.

Kuna atakayeniambia kufomati wakati mwingine ni lazima. Sikatai. Kuna Windows zilizooza, kuna vairasi, kuna siku ni nafuu kuanza upya kuliko kuhangaika. Ninachosema ni kwamba iwe hatua ya mwisho, na kamwe isitangulie nakala. Mtu haendi kupasuliwa kabla ya kupimwa.

Tena msidhani skrini ya bluu ni hukumu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kasoro, na Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziligoma kuwaka duniani. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikahangaika. Dawa ilikuwa nini? Kwa nyingi ilikuwa kuwasha katika hali ya usalama, kufuta faili moja, kuwasha tena. Faili moja! Fikiria kama wote wale wangeanza kwa kufomati.

Kwa upande mwingine, hapa hapa chuoni kuna jamaa wa bloku yetu aliyepeleka laptopu mwaka jana imegoma kupita nembo. Ndani kulikuwa na data zake za fildi, madodoso aliyotembea nayo vijijini mwezi mzima kisha akayaingiza yote kwa mkono. Makaratasi alishayatupa. Fundi akauliza "nifomati?" Jamaa akajibu "wewe fanya iwake tu". Ikawaka. Alipozitafuta data, hakuna. Na ile ilikuwa na diski ya SSD. Diski za zamani za kuzunguka, ukifomati harakaharaka, mara nyingi mafaili bado yapo chini mpaka yaandikwe juu yake, na mtaalamu anaweza kuokoa baadhi. Kwenye SSD, Windows huiambia diski kwamba nafasi zile hazina mwenyewe tena, nayo huzisafisha yenyewe. Kurudisha huwa ni karibu na muujiza. Jamaa akaanza upya.

Kwa hiyo, wandugu, kompyuta ikigoma, kabla hujatamka lile neno:

Jiulize imefika wapi katika kuwaka. Kimya, kioo cheusi, nembo, au Windows? Ilipokwama ndipo pa kuanzia, na vilivyo mbele ya hapo usivihukumu bado.

Jiulize nini kilibadilika kabla. Taja hata unachodhani hakihusiani. Kuhama meza kulikuwa "hakuhusiani".

Chomoa kila kitu kisicho lazima, flashi, printa, hata simu inayochaji hapo, kisha uwashe. Kuna kompyuta zinazogoma kwa sababu tu zinajaribu kuwakia kwenye flashi uliyoisahau nyuma.

Ukisikia diski inagonga tak, tak, tak, zima. Usiendelee kuiwasha-washa kwa matumaini, kila mara unaweza kuwa unaikwaruza zaidi. Hiyo mpelekee anayeshughulika na kuokoa data.

Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, uache utulie kwanza ndipo uwashe.

Na ninyi wenye laptopu mpya msinicheke. Nyingi sasa zinafunga diski kwa siri, na ikitokea umebadilisha madabodi au kugusa mipangilio, zinakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo ufunguo, hata hiyo flashi ya Ubuntu haikusaidii. Kwa kawaida ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo wakati inawaka, uuandike kwenye karatasi.

Ukifika kwa fundi, sentensi ya kwanza iwe: "Kaka, nalipia kwanza vilivyomo, halafu mashine." Taja folda. Kubali kulipia muda wake wa kunakili. Na akitumia dakika mbili kwa sababu anajua, mlipe kama amekesha.

Hilo la mwisho lilileta ugomvi mdogo nyumbani. Mama alitaka kumpa fundi elfu tano, "maana kazi umefanya wewe". Nikamwambia mama, RAM nimerudisha mimi, ila bila yeye ningekuwa bado naitazama ile bluu hadi sa hivi. Tukavutana. Akatoa elfu kumi na tano, na sahani ya wali. Fundi akala, akashukuru, akaniachia namba yake.

Jumapili mgao ukafanyika chini ya mwembe, kama kawaida. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia sanduku la kikoba. Mmewahi kuliona? Lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mfumo huu wa vikundi vya akiba ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na watu hawa waliofikiria kufuli tatu kwa ajili ya pesa, mimi kijana wao msomi niliwachukulia hesabu zao zote nikaziweka mahali pamoja bila hata kufuli moja. Yule mjumbe wa utani alipokea hisa zake, akahesabu mara mbili, akamwambia mama, "Katibu, hongera." Mama akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani kuna kitu hakijapona pale, na hicho hakina betri ya kubadilisha.

Mwisho wa kikao mama akasimama akasema mzunguko ujao kompyuta itaendelea, lakini kaunta buku linarudi pia, na kila wiki baada ya kikao faili litanakiliwa kwenye flashi. Mtu akauliza flashi atakaa nayo nani. Mama akaionyesha, akaitumbukiza ndani ya sanduku, wale watatu wakafunga kufuli zao.

Haya wadau, nina lekcha saa mbili. Ila kabla ya kulala leo, nakili ile ripoti yako mahali pa pili. Wewe unayesoma hapa, nakuambia wewe.

Tuko pamoja.